Ndoo ya Mama Mkwe

Mume wangu aliposoma makala hii kabla sijaituma aliniuliza swali moja tu: "Na mama amekubali?" Amekubali. Nilimpigia simu nikamsomea yote. Pa kucheka akacheka, pa kunyamaza akanyamaza, na mwisho akasema niandike, ila jina lake nisiliweke, wala la hospitali, "maana watu wa Itetemia wanasoma kila kitu, hata karatasi ya kufungia karanga." Basi, wapenzi wasomaji, huyu mtamjua kwa jina la Mama Mkwe tu.

Mambo yalianza Desemba 2017. Tulikuwa tumekwenda kula sikukuu ukweni, mimi, mume wangu na binti yetu wa kwanza aliyekuwa anajifunza kutembea. Kwa asiyepajua, Itetemia ni pembeni tu ya mji wa Tabora, kwenye himaya ya zamani ya Unyanyembe, ya watemi akina Fundikira. Miembe imejaa, na Desemba hiyo maembe yalikuwa yanaanguka mpaka unachoka kuokota. Mimi mtoto wa Dar, mhasibu, kucha zangu nimezipaka rangi. Asubuhi najilazimisha kuamka mapema nisiitwe mvivu, nasalimia "mwangaluka" kwa lafudhi ya Kariakoo, watu wanacheka.

Asubuhi ya tatu niliamka mapema kuliko siku zote. Nikamkuta Mama Mkwe nyuma ya nyumba anafua vitambaa vidogovidogo, vile ambavyo sisi wanawake tunavijua. Alikuwa na miaka 58. Nikauliza kijinga kabisa: "Mama, kumbe bado unapata siku zako?" Akaacha kufua. Akaangalia kama kuna mtu anatusikia, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mimi huku chini hakukai ndani."

Hapo ndipo nikaunganisha vitu nilivyokuwa naviona bila kuviona. Kwa nini hakai kwenye kigoda, analalia ubavu kwenye mkeka. Kwa nini kwenye sherehe ya jirani alipiga vigelegele tu, hakucheza. Kwa nini kabla ya kwenda mjini anakwenda chooni mara mbili, na kwa nini analala chumba cha watoto, Baba Mkwe chumba kingine, na wote tunasema ni kwa sababu mzee anakoroma.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba alishafanyiwa operesheni. Mwaka 2015 alipelekwa hospitali moja, akatolewa kizazi, akashonwa, akarudi nyumbani. Mwanawe, yaani mume wangu, alituma hela akiambiwa ni "uvimbe". Mama alijiona amepona. Baada ya mwaka na kitu, siku moja anachota maji, akahisi kama kuna yai linataka kudondoka. "Nikajua limerudi. Lakini nitamwambia nani? Watasema si ulishatolewa?"

Na mimi nilijiuliza hivyohivyo. Kizazi kimetolewa, sasa kinachoshuka ni nini?

Jibu nililipata Februari 2018, tulipompeleka kwa daktari bingwa wa magonjwa ya kina mama kwenye hospitali nyingine. Daktari mwenyewe mwanamama, mpole, ila ulimi wake mwepesi. Akatuuliza kama nyumbani kuna kitanda cha kamba. Kipo. "Basi chini ya nyonga ya mwanamke kuna kamba kama zile," akasema. "Misuli na mishipa ya nyama imesukwa kushika kibofu mbele, kizazi katikati, utumbo wa haja kubwa nyuma. Kamba zikilegea, kilicho juu yake kinabonyea. Sasa ukitoa godoro, kamba zitakuwa zimekaza?" Mama akajibu kabla yangu: "Hapana." Kuondoa kizazi ni kuondoa godoro. Kama mpasuaji hakuichukua ile sehemu ya juu kabisa ya uke na kuifunga vizuri kwenye mishipa imara ya ndani, kuta zitafuata njia ileile aliyopita kizazi. Kwake mama kibofu ndicho kilichokuwa kimeshuka, na kilele cha uke nacho kinafuata.

Daktari hakumlaumu mwenzake wa kwanza, nami simlaumu. Alisema hata mikononi mwa mafundi wazuri hali hii hurudi. Nilisoma baadaye kuhusu utafiti maarufu wa Marekani wa mwaka 1997: kati ya wanawake waliofanyiwa upasuaji wa kuporomoka kwa viungo hivi au wa kuvuja mkojo, karibu 3 kati ya 10 walikuwa wanarudia. Hao ni watu wenye mashine ya kufulia na bomba jikoni.

Kisha akaanza maswali, na hayo maswali ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Mimi nilidhani kufanikiwa kwa operesheni ni kisu, uzi na mkono wa daktari. Yeye akataka kujua mama amezaa mara ngapi (nane, sita nyumbani). Je, mtoto yeyote alivutwa kwa vifaa? Alichukua muda gani kusukuma yule wa kwanza? Kuna misuli ambayo huchanika kabisa kutoka kwenye mfupa wakati wa kuzaa, na mwenye jeraha hilo uwezekano wa kurudiwa unakuwa mkubwa, hata ashonwe vipi. Mama yake au dada zake walikuwa na tatizo hili? Dada yake mkubwa, ndiyo, tena alikufa nalo. Anakohoa? Anakohoa, miaka yote, jiko lake la kuni halina hata dirisha. Choo anapata vizuri? Mara moja kwa siku nne, kwa kujikamua. Sukari? Uzito? Anabeba nini?

"Maji," mama akasema, kana kwamba maji si mzigo.

Mwenzenu ni mhasibu, siwezi kuacha hesabu ipite. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, bila ndoo yenyewe. Mama alikuwa anakwenda safari nne kwa siku, basi kilo 80. Kwa mwaka ni tani 29. Na amefanya hivyo tangu ni msichana, mimba zote nane zikiwamo. Karne ya 19 misafara ilipokuwa inatoka Bagamoyo kwenda Ujiji na kupumzika Unyanyembe, mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikuwa kama frasila mbili, kilo thelathini na kitu. Wale tunawasoma darasani, ni mashujaa wa njia. Lakini wanawake nao walikuwamo kwenye misafara ile, wamebeba vyungu na mikeka, na mtoto mgongoni. Wapagazi waliisha reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Ndoo haikuisha.

Msidhani ni jambo la bibi mmoja wa Tabora. Kuna utafiti wa vijijini Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2018, ambapo wanawake zaidi ya 1,000 walipimwa. Karibu wawili kati ya watatu walikuwa na kuporomoka kwa kiwango fulani, wengi wao bila hata kujua, na kama 7 kati ya 100 walikuwa na hali mbaya. Kulima, kubeba vizito kwa saa nyingi, kuzaa mara nyingi na kuzalia nyumbani vilionekana kwenda pamoja na tatizo. Na tusichanganye mambo: hii si fistula. Fistula ni tundu, mkojo unavuja muda wote. Hii ni kushuka.

Nilitegemea tutapewa tarehe ya operesheni siku ileile. Wapi! Daktari alisema hampeleki mtu chumba cha upasuaji akiwa anakohoa hivi na choo kigumu hivi, maana kila kikohozi na kila kujikamua ni kama kupiga teke kwenye mshono kutoka ndani. Kwanza akamwekea pete, kipete cha silikoni kinachokaa ndani ya uke na kuzuia vitu visishuke. Wako wanawake wanaoishi na pete miaka mingi na kisu hawakioni. Lakini ukutani palikuwa na kidonda, kwa kusuguana na nguo, hivyo pete ikatolewa, akapewa krimu ya estrojeni ya kupaka ndani, kwa sababu baada ya kukoma hedhi ngozi ya huko inakuwa nyembamba kama karatasi. Kidonda kikapona kwanza. Jiko likahamia nje, chini ya mwembe. Maji ya kunywa yakaongezwa, mlenda na maembe vikaingia kwenye ratiba kama dawa. Mama alilalamika sana: "Nimekuja kutibiwa huku, naulizwa nimekula nini!"

Halafu daktari akamwita Baba Mkwe.

Jamani. Mzee mstaafu wa reli, mkimya, anayeongea kama anatoa taarifa stesheni, akaketi na kofia yake magotini. Mimi nikainuka nitoke, maana ni aibu kusikia mambo ya wakwe zangu. Daktari akasema kaa, wewe ndiye utakayesimamia. Akamweleza mzee kwamba baada ya operesheni hakuna unyumba mpaka yeye amkague mama na kuridhika, siyo kabla ya wiki sita. Mzee akakohoa. Akaongeza kwamba mama haruhusiwi kubeba ndoo, kuni, gunia wala mjukuu aliyeshiba. Mzee akauliza, "Kwa muda gani?" Daktari akamjibu, "Ndoo ya kichwani? Kama mngekuwa na uwezo, milele."

Hapa naomba niseme ukweli wote, maana nimesoma na upande mwingine. Mwaka 2023 jarida moja la upasuaji la Marekani lilichapisha utafiti ambapo wanawake waliofanyiwa operesheni hizi waligawanywa: wengine wakazuiwa kazi kama desturi, wengine wakaambiwa warudie shughuli zao kwa kadiri wanavyojisikia. Baada ya miezi mitatu waliorudi mapema hawakuwa wabaya kuliko wenzao. Kwa hiyo kumlaza mgonjwa wiki sita kama yai si lazima, kutembea ni kuzuri. Lakini mwanamke wa Marekani akiambiwa "rudia shughuli zako kama unavyojisikia" anachagua. Mama wa Itetemia anayerudia shughuli zake anarudia kilo 80 kwa siku, na hakuna anayemuuliza anajisikiaje. Mwaka 2015 yeye alirudi kisimani wiki ya tatu, kwa sababu kulikuwa na msiba na wageni wanahitaji maji.

Operesheni ya pili ilipangwa Julai 2018. Julai haikuchaguliwa na daktari, ilichaguliwa na familia: mavuno yameisha, karanga zimeshapukuchuliwa, mvua bado mbali. Mume wangu, ambaye sasa aliambiwa ukweli nusu ("mama ana shida ya kibofu"), alikuwa ameperuzi intaneti na kuniuliza kwa nini mama hawekewi wavu. Wavu ni kitambaa cha plastiki kinachoshonewa ndani kushikilia kuta. Daktari alikataa, akasema atatumia mishipa ya mama mwenyewe na uzi. Nashukuru. Mwezi huohuo wa Julai 2018 Uingereza ilisitisha nyavu za kuwekwa kupitia ukeni baada ya wanawake wengi kulalamikia maumivu na nyavu kutoboa nyama, na Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaamuru kampuni ziache kuziuza kwa ajili ya tatizo hili. Wavu unaowekwa kupitia tumboni, kufunga kilele cha uke kwenye mfupa wa chini ya mgongo, ni habari nyingine, huo bado unatumika.

Kabla ya kuingia chumbani daktari alimuuliza mama swali ambalo sikulitegemea: "Nikikuponya, utafanya nini ambacho sasa huwezi?" Mama akafikiri. "Kukaa kwenye kigoda nikipika. Na kucheza kwenye harusi bila kujishika." Daktari akaandika. Baadaye aliniambia kipimo chake cha sentimita kinaweza kuonyesha ukuta umeshuka kidogo, na mgonjwa akawa amepona kabisa kwa maana yake. Au sentimita zikawa safi na mgonjwa hana raha. Kwa hiyo hupenda kujua mapema mgonjwa anataka nini.

Ganzi ya mgongo, saa mbili na dakika kadhaa, mpira wa mkojo, siku nne wodini. Sina la kusimulia zaidi, nilikuwa nje kwenye benchi nakula karanga kwa wasiwasi.

Kazi ilianzia nyumbani. Mimi nilipata likizo ya siku kumi tu. Wifi yangu akaja wiki mbili. Zikabaki wiki, na maji hayajileti. Hapo ndipo Baba Mkwe alipotoa baiskeli yake, akafunga madumu manne nyuma, akaenda kisimani. Mzee wa miaka 66, kwenye foleni ya wanawake. Siku ya kwanza walinyamaza. Siku ya pili wakaanza: "Mzee kalishwa limbwata!" Mtaa mzima ukapata habari. Mama aliniambia kwa simu kwamba aliona aibu kuliko alivyoona aibu ya ugonjwa wenyewe, akamwambia mumewe aache, nitakwenda mimi. Mzee akamjibu kwa kifupi: "Mimi nimelipa hospitali mara mbili. Ya tatu silipi." Hayo ndiyo mapenzi ya wazee, hayana maua.

Maji ya Ziwa Victoria yalipofika Tabora miaka michache baadaye, safari ilifupika sana. Lakini hata sasa anayekwenda ni mzee na baiskeli. Naamini, na sina utafiti wa kunibeba katika hili, kwamba ile baiskeli ilifanya kazi sawa na uzi wa daktari.

Sasa nije kwangu, maana nisingekuwa muungwana kumwanika mama wa watu nikajificha mwenyewe.

Mwaka 2020 nilijifungua binti wa pili, kilo 4 na gramu 100, akavutwa kwa vakuumu baada ya kusukuma karibu saa mbili. Miezi kadhaa baadaye nikaanza kusikia uzito jioni, kama tamponi iliyokaa vibaya. Nikipiga chafya gym, suruali inalowa. Nikimkaribia mume wangu nazima taa, nasingizia uchovu. Mimi niliyemsindikiza mama mkwe kwa daktari, niliyejua kila kitu, nilikaa mwaka mzima kimya! Ningekuwa na miaka 58 ningekuwa nafua vitambaa usiku.

Nilipimwa 2021: daraja la pili kati ya manne, ukuta wa mbele. Nikasema haraka, nikateni. Daktari, wa Dar safari hii, akatikisa kichwa. Kwanza mazoezi ya kubana misuli ya sakafu ya nyonga, tena kwa kufundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, maana wengi tunabana makalio na tumbo tukidhani tumebana penyewe. Kwa daraja langu mazoezi hupunguza dalili kwa wengi. Pili, anayefanyiwa operesheni akiwa kijana ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudiwa, miaka ya kuishi na mshono ni mingi. Tatu akauliza: "Umemaliza kuzaa?" Kwa sababu mimba nyingine inaweza kubomoa kilichojengwa.

Swali hilo nililipeleka nyumbani kama bahasha ya kodi. Mume wangu ndiye mwanamume pekee kwa wazazi wake, sisi tuna mabinti wawili, na kila Desemba shangazi zake wananitazama tumbo. Yeye alikuwa ameshapanga wa tatu. Nikamweleza. Akasema wanawake wote wanazaa, mama yake kazaa wanane na yupo imara. Nikashindwa kujizuia: "Mpigie mama yako umuulize."

Nilijuta papo hapo, ile siri haikuwa yangu. Lakini alipiga. Alitoka nje na simu, akakaa kwenye gari dakika arobaini. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Hakuniambia walichoongea, akaniuliza tu mtaalamu wa mazoezi anapatikana siku gani, atakuwa anabaki na watoto.

Wa tatu hatujaamua mpaka leo. Wapo wiki ambazo mimi ndiye ninayemtaka kuliko yeye. Dalili zangu zimepungua sana, hazijaisha. Ngazi za ofisini napanda bila shida. Mtoto aliyelala simbebi, baba yake anambeba. Taa siku hizi siizimi.

Desemba 2024 tulirudi Itetemia. Mama alikuwa amekwenda kukaguliwa mwezi mmoja kabla: ukuta wa mbele umeshuka kidogo, daraja la kwanza, yeye mwenyewe hasikii chochote, daktari kasema usiguswe. Jirani alikuwa anaoza binti. Usiku, ngoma ilipokolea, nilimtafuta mama kwenye mikeka ya wazee sikumwona. Alikuwa katikati ya uwanja, kanga kaifunga kiunoni, mikono yote miwili juu.